Sadaka ya Siri, Hesabu ya Wazi



Yako maneno tuliyozoea kuyasikia katika mabaraza ya misikiti yetu kila mtu anapouliza habari za fedha. Kwanza huambiwa kuwa hesabu iko kwa Mwenyezi Mungu. Akizidi kuuliza, huambiwa kuwa sadaka ni siri. Akiuliza mara ya tatu, huambiwa kuwa ana dhana mbaya, na hapo hunyamaza, kwani hapana Mwislamu apendaye kuitwa mwenye dhana mbaya mbele ya wenzake. Maneno haya matatu yote ni ya kweli, kila moja mahali pake. Lakini neno la kweli likitumiwa pasipo mahali pake hugeuka pazia, na nyuma ya pazia huweza kukaa mambo mengi.

Leo nataka, kwa subira ya msomaji, tulifunue pazia hilo kidogo. Nami sitaanza na msikiti wala madrasa, nisije nikadhaniwa namlenga fulani. Nitaanza na karatasi iliyonijia kutoka mbali, nitaieleza, nitaisifu panapostahili sifa na kuilaumu panapostahili lawama, kisha nitarudi nyumbani, na nikirudi nitaanza na nafsi yangu.

Mjukuu wangu mmoja anaishi Marekani. Huko hutoa mchango kila mwezi kwa shirika la hisani linalochimba visima katika nchi zenye ukame. Siku moja nilimwuliza katika simu: "Wewe wajuaje kama fedha zako zafika kisimani?" Akacheka, akasema: "Babu, nitakuletea karatasi yao usome mwenyewe." Akaniletea. Nilimwomba kijana mmoja ajuaye Kiingereza cha mahesabu akae nami baada ya Alasiri, tukaisoma siku tatu.

Karatasi hiyo yaitwa Fomu 990. Huko Marekani shirika lisilotafuta faida husamehewa kodi ya mapato, na badala ya msamaha huo mengi kati ya mashirika hayo hudaiwa kujaza fomu hii kila mwaka na kuipeleka kwa idara ya kodi ya serikali. Fomu hii si ya jana. Ilianza kutumika katika miaka ya 1940, nayo imekuwa ikirefuka tangu hapo. Na jambo la kushangaza kwetu ni kuwa haifungiwi katika kabati la serikali. Ni ya watu wote. Mtu yeyote, awe mchangaji au mpita njia, akilitaka shirika limpe nakala za miaka mitatu ya karibuni, lapasa limpe, wala halina haki ya kumwuliza anaitakia nini.

Basi ndani yake mna nini? Mna mapato na matumizi, hilo kila mtu atalitarajia. Lakini sehemu iliyonifanya nivue miwani na kuifuta ni ile ya viongozi. Huandikwa jina la kila mjumbe wa bodi na kila mkuu, hata yule asiyelipwa senti. Mbele ya jina huandikwa saa anazofanya kazi kwa wiki, kisha mshahara wake, kisha marupurupu yake. Na chini ya viongozi huandikwa wafanyakazi watano wanaopokea kingi kuliko wenzao, ikiwa malipo yao yapita dola 100,000 kwa mwaka. Tena fomu huuliza maswali ambayo kwetu mtu akiyauliza atatolewa barazani. Je, yuko kiongozi aliye ndugu wa kiongozi mwenziwe, au mshirika wake katika biashara? Je, shirika lina kanuni iliyoandikwa ya kumzuia kiongozi asiamue jambo lenye maslahi yake? Je, yuko aliyekopeshwa fedha za shirika? Mwisho wake kiongozi hutia sahihi, akikiri kuwa akisema uongo sheria itamshika.

Na sasa nawaomba mtazame jambo moja, kwani ndilo kiini cha makala haya. Fomu hiyo hiyo ina jedwali la wale waliotoa michango mikubwa. Idara ya serikali huyaona majina yao. Lakini nakala inayotolewa kwa watu huwa haina majina hayo, kwa mashirika ya hisani yanayochangiwa na umma. Mtoaji afichwa. Aliyepewa dhamana afunuliwa. Nilipofahamu hilo nilinyamaza kitambo, nikasema moyoni: hawa watu wametunga kanuni ya kodi, nao hawakukusudia kuifasiri Qur'ani, lakini wamefika mahali ambapo sisi wenye Qur'ani tumepapita.

Katika Suratul Baqara, aya ya 271, Mwenyezi Mungu ametufundisha kuwa kutoa sadaka kwa dhahiri ni kwema, na kuificha tukawapa mafakiri ni bora zaidi kwetu. Aya hii ndiyo ishikwayo kila siku na wenye kuficha hesabu. Lakini tuisome kwa makini, kama tulivyofundishwa na masheikh zetu kusoma: ni nani anayesemezwa humo? Ni mtoaji. Yeye ndiye aogopewaye riya, yeye ndiye aambiwaye afiche ili moyo wake usalimike. Mweka hazina hakutoa kitu. Kilicho mkononi mwake si sadaka yake bali ni amana ya watu. Hana riya ya kuogopa katika kuitaja, maana si mali yake hata ajisifu kwayo. Akisema naficha kwa kuwa sadaka ni siri, amevaa kanzu ya mtu mwingine.

Kwa hiyo katika kila jambo la hisani wako watu watatu, na kila mmoja ana hukumu yake. Yuko mtoaji, naye akitaka ajifiche, na ni bora kwake. Yuko mpokeaji, yaani yatima, mjane, mgonjwa, naye yatupasa tumsitiri, tusisome jina lake kwa kipaza sauti wala kumpiga picha akipokea mfuko wa mchele. Na katikati yao yuko mshika amana, naye hana sitara katika amana hiyo. Sisi tumefanya kinyume. Mtoaji twamtangaza Ijumaa kwa jina lake na la babu yake. Mpokeaji twampanga mstari mbele ya watu. Mshika amana ndiye tuliyemfunika.

Kinyume hiki hakitoki katika dini. Mtume wetu (s.a.w.) alimtuma mtu wa kabila la Azd, ajulikanaye kwa jina la Ibnul Lutbiyya, akakusanye sadaka za Bani Sulaym. Aliporudi Mtume (s.a.w.) alimfanyia hesabu. Yule mtu akaigawa mali, akasema sehemu hii ni ya Waislamu na hii ni zawadi aliyopewa yeye. Mtume (s.a.w.) akamwuliza, kama asema kweli, kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake akaona kama zawadi ingemjia. Kisha akapanda mimbari akalisema jambo hilo mbele ya watu wote bila ya kumtaja mtu yule kwa jina. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Tazameni mambo matatu: hesabu ilifanywa, zawadi ya mwenye cheo iliulizwa ilitokea wapi, na somo likatolewa mimbarini. Leo mimbari zetu zazungumza kila kitu isipokuwa hilo.

Na huenda msomaji akasema: "Sheikh, basi wataka tuige Marekani?" La, ndugu yangu. Nimesema nitaisifu karatasi ile na nitailaumu, na zamu ya lawama imefika.

Lawama ya kwanza ni kuwa karatasi haimzuii mwizi ikiwa hapana asomaye. Mwaka 1992 alijiuzulu William Aramony, aliyekuwa ameliongoza shirika la United Way of America tangu mwaka 1970. Magazeti yalikuwa yameandika habari za malipo yake, yaliyopita dola 400,000 kwa mwaka, na za safari zake za anasa, na za kampuni zilizozaliwa kutokana na shirika lile. Matawi ya mijini yakazuia kupeleka ada zao makao makuu. Mwaka 1995 mahakama ilimtia hatiani kwa makosa ya udanganyifu, akahukumiwa kifungo cha miaka saba. Shirika lile lilikuwa likichangiwa na wafanyakazi wa kawaida, waliokatwa kidogo kidogo katika mishahara yao. Na Fomu 990 ilikuwapo miaka yote hiyo! Ilikuwapo, lakini kuipata kulikuwa kwa taabu, na walioisoma walikuwa wachache. Ni baada ya aibu za namna hiyo ndipo, mwaka 1996, Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuyalazimisha mashirika kumpa nakala kila azitakaye, na ya kumtoza kiongozi aliyejilipa kupita kiasi asilimia 25 ya kile kilichozidi, juu ya kukirudisha. Baadaye fomu zikawekwa katika intaneti. Basi uwazi ni milango miwili: mmoja wa anayeonyesha, na mmoja wa anayetazama. Ukifunguka mmoja tu, nyumba bado ina giza.

Lawama ya pili ni kuwa karatasi huja kwa kuchelewa. Shirika hupewa miezi minne na nusu baada ya mwaka wake kwisha, na likiomba huongezwa miezi sita. Mtu husoma leo habari za fedha zilizokwisha kuliwa zamani. Tena lugha yake ni ya wahasibu. Mimi nimesoma nahau na mirathi, na mirathi si elimu nyepesi, lakini nisingeifahamu karatasi ile bila ya kijana yule. Uwazi usiofahamika na mwenye mali ni nusu ya uwazi.

Lawama ya tatu ni nzito zaidi, nayo ni ya wasomaji kuliko karatasi. Fomu huyagawa matumizi mafungu matatu: yaliyokwenda katika kazi yenyewe, yaliyokwenda katika uendeshaji, na yaliyokwenda katika kutafuta michango. Watu wakashika kipimo kimoja tu: shirika lenye uendeshaji mdogo ndilo jema, na lenye uendeshaji mkubwa ni baya. Matokeo yake mashirika yakaanza kuwanyima wahasibu wao mshahara, kununua vifaa hafifu, na mengine kuyaita matumizi ya ofisi kwa majina ya kazi ya hisani ili tarakimu zipendeze. Mwaka 2013 taasisi tatu zenyewe zinazowasaidia wachangaji kuyapima mashirika, nazo ni GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, ziliandika barua ya wazi kuwaonya watu waache kupima hisani kwa kipimo hicho peke yake.

Sisi tungalikuwa wa kwanza kulifahamu hilo. Katika Suratut Tawba, aya ya 60, Mwenyezi Mungu ametaja mafungu manane ya wanaostahiki zaka, na baada tu ya mafakiri na masikini amewataja wanaoitumikia zaka hiyo. Hakuwaonea haya kuwataja. Na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema kuwa mtumishi huyo hupewa ujira wa mfano wa kazi yake, yaani kile apewacho mtu wa kazi kama ile. Hapunjwi wala hazidishiwi. Sayyidna Abubakar (r.a.) alipokuwa Khalifa alitoka na nguo zake kwenda sokoni kuuza kama desturi yake, wakubwa wa masahaba wakamzuia, wakampangia posho katika Baitul Mali ili ashughulikie mambo ya umma. Posho ile haikuwa aibu, kwa kuwa ilipangwa na watu wengine wala si yeye mwenyewe, na ilijulikana. Hayo mawili ndiyo yaliyoitakasa. Mshahara wa mwenye kuihudumia dini huharibika unapopangwa na mwenye kuupokea, au unapojulikana na yeye peke yake.

Na lawama ya nne. Sheria ya Marekani haiwadai makanisa, wala misikiti, wala masinagogi kujaza fomu ile. Nyumba za ibada zimesamehewa. Najua sababu zao, kwani wanaogopa serikali kuingia katika mambo ya dini, na hofu hiyo ina maana. Lakini nilipolisoma hilo nilihuzunika, maana nilijiona. Na sisi huku tumejisamehe, tena bila ya sheria kutusamehe. Tanzania ina Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, na Kenya ina Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika mwezi wa Mei mwaka 2024. Zote mbili zadai taarifa na hesabu za kila mwaka kutoka kwa mashirika zinayoyahusu. Zanzibar iko Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na Kenya wako Makamishna wa Wakfu. Lakini kamati ya msikiti wa mtaani, chuo cha Qur'ani cha uani, mfuko wa mazishi, mchango wa kisima, hivyo vyote vyaendeshwa kwa kuaminiana. Kuaminiana ni neema. Lakini amana isiyoandikwa humtesa hata mwaminifu.

Hapa narudi nyumbani, na kama nilivyoahidi naanza na nafsi yangu.

Yapata miaka zaidi ya ishirini sasa, nilikuwa mkuu wa madrasa katika mji mmoja wa mwambao wetu. Vyumba vilikuwa vitatu, na makuti yalikuwa yamekwisha kuoza. Tukaanzisha mchango wa paa la bati. Fedha nilizitia katika bweta, na ufunguo nilikuwa nao mimi. Daftari halikuwapo. Kila mtu aliniamini, nami nilijiamini zaidi kuliko walivyoniamini wao. Miongoni mwa wachangaji alikuwapo bibi mmoja muuza vitumbua, ambaye kila Alhamisi, wajukuu zake walipoleta ada yao, aliongeza chochote kwa ajili ya paa.

Katikati ya mchango huo mke wangu akaugua, akalazwa. Sikuwa na kitu. Nikafungua bweta nikachukua kiasi kikubwa, kwa nia ya kukirudisha. Sikumwambia mtu. Baada ya miezi miwili nikakirudisha chote, hata shilingi haikupungua, Mwenyezi Mungu ni shahidi. Katika miezi miwili hiyo yule bibi alinijia, akaniuliza: "Mwalimu, ile pesa ya paa imefika wapi?" Nikamjibu kwa yale maneno niliyoyataja mwanzo: "Bibi, sadaka yako Mungu keshaiandika." Akasema: "Ya Mungu naijua, mwanangu. Miye nauliza ya bati."

Nilighadhibika. Jioni ile niliwasomesha wanafunzi aya ya 12 ya Suratul Hujurat juu ya kuepukana na dhana, na wajukuu zake walikuwamo darasani, na walijua nani alikusudiwa. Toka siku ile hawakuja tena.

Fedha nilizirudisha, lakini bei ya bati haikunisubiri. Ilikuwa imepanda. Zikatosha vyumba viwili. Masika yakaingia, na chumba cha tatu, ambacho ndicho tulichowekea misahafu na juzuu za watoto, kikavuja mpaka karatasi zikagandana. Nilipozianika juani, nikizifungua kurasa moja moja, ndipo nilipofahamu kuwa mtu aweza asiibe, na bado akaidhulumu amana.

Nilikwenda kwa yule bibi nikamweleza yote, nikamtaka radhi. Nilitaraji anilaumu. Alinitazama kwa muda, akasema: "Ungalisema, mwanangu, tungalimchangia na mkeo."

Ndugu msomaji, nimesoma vitabu vingi juu ya amana, lakini sijapata kusoma sharhe iliyo fupi kuliko hiyo. Nilidhani kuficha kunanihifadhi na aibu. Kumbe kuficha ndiko kulikoniondoshea huruma za watu ambao wangalinisaidia kwa furaha. Walininyima kwa kuwa mimi niliwanyima kujua.

Na hili laingia katika habari ya mishahara yetu walimu. Katika miji mingi mzazi hajui mwalimu wa mwanawe apewa nini. Akisikia kuwa madrasa imepata mfadhili, hudhani mwalimu sasa anaishi kwa raha, naye huacha hata ada ya Alhamisi. Kumbe mwalimu hapati nauli. Na mahali pengine mambo ni kinyume: mwalimu hapati nauli, lakini mwenyekiti aliyeshika njia ya mfadhili amejenga nyumba. Taarifa moja iliyobandikwa ukutani ingalifunua yote mawili. Uwazi hauji kumfedhehesha tu aliyezidishiwa; huja kumtetea aliyepunjwa. Anayeuogopa na ajiulize yu upande gani.

Sasa nitajibu hoja tatu ambazo nimeshazisikia.

Watasema: mkitangaza hesabu mtawafungulia watu mlango wa dhana mbaya. Nami nasema dhana mbaya huota penye giza. Mtume (s.a.w.) alikuwa amesimama usiku na mkewe, Bibi Safiya (r.a.), wakapita watu wawili wa Ansari wakaharakisha mwendo. Akawaita akawaeleza kuwa yule ni Safiya, akiogopa shetani asitie kitu nyoyoni mwao. Ikiwa aliyehifadhiwa na Mola wake aliwaondolea watu dhana kabla hawajauliza, mwenyekiti wa kamati ni nani hata aone kuulizwa ni matusi?

Watasema: sisi twajitolea, hatulipwi, basi tusiulizwe. Katika Suratun Nisaa, aya ya 6, Mwenyezi Mungu amemwelekeza msimamizi wa mali ya yatima: aliye tajiri ajizuie asile kitu katika mali ile, na aliye fakiri ale kwa wema. Na wote wawili, huyo asiyekula na huyo alaye, wameamrishwa waweke mashahidi siku ya kumkabidhi yatima mali yake. Kujitolea hakumwondolei mtu ushahidi. Na ile aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni juu ya nini? Ni juu ya kuandika deni, na kuweka waandishi na mashahidi. Mimi mwenyewe nimeisomesha mara nyingi, na bweta langu halikuwa na daftari.

Watasema: majina na mishahara ikijulikana, fitina itaingia. Huenda ikaingia kwa mwaka mmoja. Lakini fitina ya kujua huzungumzwa ikaisha, na fitina ya kutojua hurithiwa na watoto. Tumeona misikiti iliyogawanyika jamaa mbili, na ukifuatilia chanzo chake si akida wala madhehebu, ni sanduku.

Basi tufanye nini? Sitaki fomu ya kurasa nyingi. Nataka karatasi moja tu, kwa Kiswahili cha kufahamika, ibandikwe penye mlango wa msikiti au wa madrasa kila baada ya miezi mitatu, na isomwe Ijumaa moja baada ya Sala. Iandikwe: kilichoingia ni kiasi gani, na kwa kazi gani. Kilichotoka ni kiasi gani, na kwa kazi gani. Kilichobaki kiko wapi, na funguo au sahihi ni za watu gani, wala wasipungue wawili. Imamu, mwadhini, walimu na mlinzi wapewa nini kila mmoja, na nani aliyekipanga. Viongozi ni nani, walichaguliwa mwaka gani, muda wao wamalizika lini, na nani kati yao ni ndugu wa nani. Zawadi alizopewa kiongozi kwa ajili ya cheo chake ziandikwe nazo, maana mambo ya Ibnul Lutbiyya hayajaisha. Asiyetaka jina lake litajwe katika utoaji aandikwe "mja wa Mungu". Wasaidiwa waandikwe kwa idadi, si kwa majina. Na pembeni pawekwe daftari la maswali, na kila swali lijibiwe kabla ya karatasi ya pili.

Na wewe uliye nje ya kamati, usidhani umesalimika. Karatasi ikibandikwa ukaipita kama unavyolipita tangazo la mnada, wewe ni kama wale walioiacha Fomu 990 isisomwe mpaka magazeti yakawaamsha. Simama uisome. Ukiona sawa, washukuru, maana mshika amana hupewa lawama nyingi na shukrani chache. Ukiona haiko sawa, uliza kwa adabu, kama alivyouliza muuza vitumbua.

Madrasa ile ilipata paa la chumba cha tatu mwaka uliofuata. Siku ya kulipigilia misumari tuliwasomea watu daftari lote, na humo niliandika kwa mkono wangu kiasi nilichochukua, siku niliyochukua na siku niliyorudisha. Sauti ilinitetemeka. Lakini hapana aliyeondoka, na wajukuu wa yule bibi walikuwa wamerudi, wamekaa mstari wa mbele.

Kila mmoja wetu ana daftari ambalo hakuliandika yeye, nalo litafunguliwa mbele ya viumbe wote, wala halitafichwa herufi. Ni heri tuzoee mapema kusoma hesabu zetu mbele ya watu wachache wa mtaani, wenye huruma. Twamwomba Allah Subhanahu wa Taala atuhifadhi na khiyana, dhahiri na iliyojificha, awajaze kheri wanaoshika amana zetu kwa haki, na atupe nyoyo zisizoogopa kuulizwa. Amin.

Wabillahi taufiq.